Mafuta ya Waridi ya Kibibi

Bi Mgeni alizikwa mwaka jana, kwa hiyo sasa naweza kusema. Pale Shauri Moyo ukitaja jina la Muhiba utaambiwa jambo moja tu: yule mwosha maiti aliyetoa siri. Uongo mtupu, na unanichoma. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na mmoja, tukipikia kwenye veranda moja, na sijapata kuona mwanamke mwenye kifua kama kile. Hata ungembana vipi, asingekutajia hata mtu aliyemtembelea jana.

Muhiba alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuosha wanawake waliokufa. Kuanzia Pumwani mpaka Kaloleni, Mwislamu wa kike akifariki alitafutwa yeye, naye aliacha chakula kwenye sahani akaenda. Ya pili, ile iliyomlisha, ilikuwa kutengeneza mafuta ya kujipaka. Watu hawakukosa kumtania. "Bi Muhiba, leo unanipaka, kesho utaniosha." Naye huwajibu, "Vizuri, nitakukuta umeshalainika." Kisha anacheka mpaka anashika mbavu.

Mimi ni Roseline, Mjaluo wa Siaya, mke wa Odero aliyekuwa karani wa Reli. Muhiba aliniita Mama Tobias, na ndilo jina walilonijua nalo watu wote pale. Niliimba kwaya, sikuamini mizimu, na sikuwa na subira na waliomwamini kila mtu mwenye hirizi. Nikitaka jambo, nalitaka leo. Subira kidogo niliyo nayo nilifundishwa na Muhiba mbele ya sufuria.

Alikuwa anayeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya nazi, sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji moto, kisha anaepua na kungoja. Hapo ndipo nilipokuwa nachoka. Yale mafuta makali ya kunukia, ya mkaratusi, ya mchaichai, ya waridi, aliyanunua kwenye duka la dawa la Mhindi huko River Road, yakija katika chupa ndogo za kahawia zisizozidi kidole gumba. Hakuyatia mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa sababu harufu ingeruka yote ibaki nta tupu. Alichovya kidole, akiweza kuuvumilia moto, ndipo anaanza kuhesabu matone kwa midomo, bila sauti. Siku moja nilijitia ujuzi nikamimina mafuta ya mdalasini kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Shavu langu lilivimba, Odero akaniuliza nimepigana na nani. Tangu hapo kila mafuta mapya yalipakwa kwanza kwenye kunjo la mkono wangu, tukangoja mpaka kesho yake.

Kazi hizo mbili hakuzichanganya. Kapu la maiti, lenye sabuni, pamba, kafuri na udi, liliwekwa juu ya kabati. Vyombo vya mafuta vilikaa chini ya kitanda. Hata vitambaa vya kufutia mikono vilikuwa viwili, kila kazi na chake.

Mwaka wa sabini na tisa, mwezi wa Mei, alifariki Kibibi, binti wa pekee wa Bi Mgeni wa Majengo. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi akazikwa Kariokor. Harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mamake alikuwa ameshanunua chupa nne za mafuta ya waridi, yale mazito, kwa ajili ya kumsinga mwari, kumsugua mwili kabla ya harusi. Moja ilitumika siku ile ya kumwosha. Tatu zilizobaki Bi Mgeni alimpa Muhiba mkononi, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na sinia la chai ya wafiwa.

"Hizi ni sadaka ya mwanangu," alisema. "Mwanamke yeyote atakayekufa hana wa kumnunulia manukato, mpake haya. Wakimkuta Kibibi huko waendako, wamwambie mamake hajamsahau."

Muhiba alizipokea kwa mikono miwili, akazitia kwenye kapu la juu ya kabati.

Julai ikaja na baridi yake. Ngozi zinapasuka, midomo inatoka damu, na kila mtu anataka mafuta. Mahmud, mwenye duka la vipodozi pale Gikomba, akaagiza vikopo sitini mara moja, oda ambayo hatukuwahi kuipata. Muhiba akaenda River Road, akarudi mikono mitupu. Mafuta ya waridi hakuna, mzigo umekwama bandarini, labda mwezi ujao. Mahmud naye akasema hangoji mwezi ujao, kuna mama wa Eastleigh mwenye mafuta yake anabisha hodi dukani kwake kila siku.

Hapa sina wa kumsingizia. Mimi ndiye niliyesema, "Si kuna chupa tatu juu ya kabati?"

"Hizo si zangu, Mama Tobias. Hizo za maiti."

"Chupa haijui imenunuliwa kwa ajili ya nani. Duka ni lile lile, karatasi ni ile ile. Tumia leo, meli ikija nunua tatu uzirudishe. Nani atajua?"

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia ni mwoga, na kwamba umaskini mwingine watu huutafuta wenyewe. Maneno hayo niliyasema, na leo nikiyakumbuka natamani kujipiga kofi. Akapanda kwenye kiti akazishusha. Alipofungua ya kwanza midomo yake haikuhesabu, matone yakaingia zaidi ya kawaida. Harufu ilijaa chumba chote, tamu, nzito, na chini yake kulikuwa na ubaridi fulani. Nadhani ni kafuri, kwa vile chupa zilikuwa zimelala nayo kapu moja miezi miwili. Mimi nilisema inanukia vizuri. Muhiba akafungua dirisha. Meli ilipofika, wiki mbili baadaye, alinunua chupa tatu mpya akaziweka kwenye kapu, akavuta pumzi kama mtu aliyelipa faini.

Lakini vikopo sitini vilikuwa vimeshatoka. Vingi viliuzwa na Mahmud, vichache nikavipeleka mwenyewe kwa wake wa Reli kule Makongeni, kimoja nikampa Adoyo, mke wa shemeji yangu, aliyekuwa akikaa Huruma.

Wa kwanza kuja alikuwa Ndindi, Mkamba aliyeuza mitumba Gikomba, na alikuja akicheka.

"Mama Tobias, leo nimekutana na kichaa. Mama mmoja wa buibui amenikujia pale mferejini, akaninusa hapa shingoni! Ati, 'Mwenzangu, ulizikwa lini?' Nikamwambia, mama, mimi niko hai, si unaniona? Akaniambia, 'Nyote mnasema hivyo.'"

Tulicheka wote wawili. Kisha Ndindi akaacha kucheka kabla yangu. "Lakini aliniuliza kwa heshima sana," akasema. "Hakuwa kama kichaa."

Wiki ile ile nikamkuta Mirriam, mwalimu wa shule ya msingi pale Makongeni, amekaa nje ya nyumba yake mchana na sweta mbili. Alikuwa amemwona yule mama kwenye dirisha la darasa, saa sita, jua limewaka. Alisimama tu akivuta hewa. Watoto walipotoka akaingia, akamwuliza taratibu kama amemwona binti yake huko. "Mrefu, mweupe kidogo, ana mwanya," alisema. Mirriam alijibu hajamwona. Yule mama akamshukuru, akamwambia, "Basi ukimwona mwambie mimi sijambo."

"Ni mfiwa," nikamwambia Mirriam, maana hapo nilishajua ni Bi Mgeni. "Akili zimemruka, zitarudi."

"Najua." Akanyoosha mkono. "Nishike. Uko moto?"

Nilimshika. Ulikuwa baridi, lakini Julai hiyo mikono ya nani haikuwa baridi? Nikamwambia asinichekeshe. Naye akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wapangaji wengine wasisikie, kama wakati nilipokuwa nakuja kutoka njiani nilimwona yeye, au niliona kiti tu. Mwalimu mzima huyo, mwenye cheti. Nikaondoka kwa hasira, na njia nzima nilikuwa nikijinusa mkono.

Baada ya hapo vikopo vikaanza kurudi. Vingine viliachwa kwenye veranda tukiwa hatupo. Cha Adoyo ndicho kilichonitia wasiwasi. Huruma si karibu, na huko kilikuwa kikopo kimoja tu, kwenye chumba cha ghorofa ya tatu, katikati ya mamia ya vyumba. Bi Mgeni alitembea kwa miguu kutoka Majengo, akapanda ngazi, akagonga mlango huo. Adoyo alikiacha kikopo kizingitini kwangu. Nilimkaribisha ndani, akakataa. Alisema anataka tu niseme jina lake kwa sauti. Nikalisema, akaenda zake.

Muhiba alikuwa ameshajua ni nani na ni kwa nini. Alikonda. Mara kadhaa alijifunga buibui aende Majengo kuungama, akafika kona ya Burma, akarudi. Mwosha maiti mtaji wake ni uaminifu. Aliyeuza sadaka ya marehemu, nani atamwita nyumbani kwake? Nami, badala ya kumtia moyo aende, nilimwambia anyamaze, yatapita. Kwa kweli nilikuwa nimekasirika. Biashara imekufa kwa ajili ya pua ya mama mmoja.

Ndipo Bi Mgeni alipokuja kwangu. Ilikuwa saa nne asubuhi, ninaanika nguo, na kikopo changu mwenyewe nilikuwa sijaacha kukitumia, maana mimi mtu wa ubishi. Alisimama upande wa pili wa shuka iliyoanikwa. Niliona miguu yake kwanza, viatu vimeisha visigino. Akavuta hewa.

"Mwenzangu," akasema, "ulizikwa lini?"

Hakunitambua. Mwanamke niliyempa chai siku ya msiba wake.

"Umemwona binti yangu? Kibibi. Nimewauliza wengi. Hakuna aliyemwona. Niambie wewe, kama hayuko huko, yuko wapi?"

Huruma na hasira vilinishika pamoja. Nilitaka aende. Nilitaka alale hata usiku mmoja. Nikasema, "Nimemwona. Hajambo. Nenda nyumbani upumzike, mama."

Shuka ikatulia. "Ulimjuaje kuwa ni yeye?"

Nilifungua mdomo niseme mwanya, mrefu, mweupe kidogo, yale niliyoyasikia kwa Mirriam. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Ana hina kiganja kimoja," nikasema. "Cha kushoto. Cha pili hakina."

Bi Mgeni alikaa chini, pale pale kwenye maji ya nguo. Alicheka, akanishika vifundo vya miguu, akaniita mwanangu. Kisha akainuka akaenda zake haraka. Mimi nikabaki nimeshika kibanio, nikijiuliza habari ya hina nimeitoa wapi.

Kesho yake alileta kanga mpya, doti nzima. "Mpelekee," akasema. Siku iliyofuata akaleta haluwa kwenye kibakuli. Siku ya tatu kitana, na chupa ya wanja. Niliposema sivitaki aliviweka kizingitini na kunitazama kwa upole. Wapangaji walichungulia milangoni. Kila mara, kabla ya kuondoka, aliniuliza swali lile lile.

"Utarudi lini?"

Siku ya nne hakuleta kitu. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayempima mtu nguo.

"Unakawia," akasema. "Anangoja vitu vyake. Nikusaidie kurudi?"

Sauti ilikuwa ya wema mtupu. Ndiyo iliyonitia hofu, mimi nisiyeamini mizimu. Niliingia ndani nikafunga komeo, nikagonga ukuta, Muhiba akaja kwa mlango wa nyuma, nami nikamwambia yote. Uongo wangu alikuwa haujui, alidhani zile zawadi ni wazimu tu. Nilipofika kwenye hina alinikatiza.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna."

"Mama Tobias. Nani alikwambia?"

"Haki ya Mungu, hakuna. Kwani ni kweli?"

Alikaa kitandani kwangu, mikono mapajani, akitazama viganja vyake. Halafu akasimama. "Jifunge leso. Twende Majengo."

Tulimkuta Bi Mgeni ukumbini, anakunja shuka nyeupe. Muhiba hakukaa alipokaribishwa. Alisema kila kitu akiwa amesimama: chupa tatu, oda ya Mahmud, vikopo sitini. Jina langu hakulitaja mahali popote.

"Wale wanawake wote wako hai, Bi Mgeni. Kila mmoja. Mimi ndiye niliyewapaka mafuta ya Kibibi. Hawakumwona kwa sababu hawajaenda alikokwenda."

Bi Mgeni aliendelea kukunja shuka. "Wako hai."

"Wote."

"Basi mwanangu hakupotea. Ni kwamba hawa hawajafika." Uso wake ukaanza kulegea, nikadhani yamekwisha. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini huyu alimwona."

"Huyu ni jirani yangu. Yu hai kama mimi na wewe."

"Alimwona na hina!" Shuka ikaanguka. "Muhiba, tulikuwa wangapi chumbani? Mimi na wewe. Mtoto alijipaka kiganja kimoja kabla ya siku yake, kwa hamu tu, akakificha. Nilimsugua kwa ndimu mpaka maji yakapoa, hina isitoke. Nikakusihi usiseme, watu wasije kusema alijiletea mkosi mwenyewe. Hukuniapia?"

"Nilikuapia."

"Ulimwambia mtu?"

Nilimtazama Muhiba. Nilijua jibu, na yeye alijua kwamba ninalijua. Akisema hapana, yule mama angeamini mpaka kufa kwake kwamba mimi natoka huko. Angeendelea kuleta vitu vya Kibibi, na kuniuliza nitarudi lini, na siku moja angenisaidia. Akisema ndiyo, kazi aliyoifanya tangu ana miaka ishirini imekwisha hapo alipo. Mwosha huona, hasemi. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Mlangoni walikuwa wameshajaa wanawake wa nyumba za jirani.

"Nilimwambia mimi," Muhiba akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Tulikuwa tukipika, ulimi ukaniteleza. Yeye hakumwona mtu. Alirudia maneno yangu."

Bi Mgeni alimtazama mpaka mimi nikashindwa, nikainamisha macho.

"Umemuuza mwanangu mara mbili," akasema. "Umeuza mafuta yake, ukauza na siri yake. Toka nyumbani kwangu."

Kisha akalia. Walisema baadaye kuwa hakuwa amelia tangu siku ya mazishi, na kwamba alilia siku mbili, akalala siku moja nzima, akaamka akaomba uji. Hakumnusa mtu tena. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anakaanga kaimati zake kibarazani kama zamani.

Tulirudi kwa miguu, tukapita Burma. Karibu na nyumbani Muhiba aliniuliza mara moja tu, na hakuniuliza tena maisha yake yote.

"Ulijuaje?"

"Sijui. Neno lilinitoka tu. Kiganja changu kilikuwa kimelowa, na neno likanitoka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi usimwambie mtu yeyote. Akisikia kwamba sikukwambia, atarudi mlangoni kwako kuuliza. Nawe utamjibu nini?"

Hazikupita wiki mbili alifariki mwanamke nyumba ya nne kutoka kwetu. Tulisikia vilio. Muhiba alishusha kapu lake akasimama mlangoni, amejifunga tayari, akingoja kuitwa. Watu wawili walitoka kule msibani, wakapita mbele yake macho chini, wakaenda kumtafuta mwosha mwingine Eastleigh. Alisimama pale mpaka walipopotea kwenye kona. Nilimwona, nilikuwa nakuna nazi, na sikuinuka.

Mafuta aliendelea kutengeneza, yale ya watoto wachanga, nta na nazi tu, bila tone la harufu. Aliishi miaka saba tangu siku ile. Alipokufa, mwaka wa themanini na sita, walikuja waosha wa mbali wasiomjua. Mimi nilikaa uani na wanawake wengine, kwenye mkeka, nikisikia maji yakimiminwa ndani. Nyuma yangu mmoja alimnong'oneza mwenzake: huyu ndiye aliyekuwa akitoa siri za maiti. Mwingine akasema, "Mwosha naye huoshwa. Leo zake atazitoa nani?"

Nikageuka niwajibu. Mbele yangu alikuwa amekaa Bi Mgeni. Amenenepa, uso umetulia, mapajani amempakata mtoto wa mdogo wake, anamlisha biskuti. Alikuja kuzika, kwa sababu alikuwa mtu wa dini. Aliniona nikimtazama, akaniegemea sikioni.

"Mungu amsamehe," akasema. "Alinikosea sana, lakini mimi nimeshamwachilia."

Maneno yalikuwa mdomoni, yote, kuanzia kabatini mpaka kwenye kamba ya nguo. Nilimtazama yule mama, na mtoto, na makombo ya biskuti kwenye buibui lake.

"Amina," nikasema.